Mfu Aliyenyimwa Kaburi: Mashabiki na Mwisho wa The Walking Dead

Jumapili ya tarehe 20 Novemba 2022, kituo cha televisheni cha AMC nchini Marekani kilirusha sehemu ya 177 ya tamthilia ya The Walking Dead, nayo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Sehemu hiyo ilipewa jina la Rest in Peace, yaani pumzika kwa amani, maneno ambayo kwa kawaida huandikwa juu ya makaburi. Jijini Los Angeles mashabiki walijaa ukumbini kuitazama pamoja na waigizaji. Wengine waliitazama nyumbani peke yao. Walikuwapo pia walioiacha tamthilia hiyo miaka mitano au sita nyuma, waliorudi usiku ule kwa ajili ya kuzika tu, kama yule ndugu ambaye hakuwahi kufika hospitalini lakini siku ya msiba ndiye anayelia kwa sauti kuu kuliko aliyekuwa akimwosha mgonjwa.

Hisia za usiku ule hazikuwa za aina moja, na hata ndani ya mtu mmoja zilipingana. Palikuwa na huzuni ya kuagana na watu wa kubuni waliozoeleka kwa miaka 12. Palikuwa na nafuu, kwa kuwa wengi waliona kwamba hadithi ilikwisha zamani na kilichobaki kilikuwa kukokotwa. Palikuwa na hasira. Na palikuwa na aibu fulani, ile ya mtu anayejikuta akishukuru kwamba mgonjwa hatimaye amefariki. Mimi si mhakiki wa televisheni. Nimeamua kuandika juu ya mchanganyiko huo kwa sababu naamini una historia ndefu kuliko tamthilia yenyewe, na historia hiyo inapita mahali ambapo sisi walimu wa historia hupita kila mwaka: katika mashamba ya miwa.

Chanzo cha makala haya ni swali la darasani. Nilikuwa nikifundisha Mapinduzi ya Haiti, nikataja kwa kupita tu kwamba neno zombi lilienea duniani kutoka kisiwa hicho. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, ina maana wale wa kina Rick ni watumwa?" Darasa likacheka, nami nikacheka, nikaendelea na somo. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba sikumjibu, na kwamba lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa muhula ule. Nilipomtafuta ili nimwambie hivyo, alinipa flashi yenye misimu yote iliyokuwa imetoka. Nakiri niliipokea.

Kwa wasioifahamu, nieleze kwa ufupi. The Walking Dead ilianza kama hadithi ya vibonzo iliyoandikwa na Robert Kirkman na kuchorwa kwanza na Tony Moore, kisha kwa miaka mingi na Charlie Adlard. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2003. Televisheni iliichukua tarehe 31 Oktoba 2010, chini ya usimamizi wa Frank Darabont. Polisi wa mji mdogo jimboni Georgia, Rick Grimes, anazinduka hospitalini baada ya kupigwa risasi na kukuta dunia aliyoijua imekwisha: wafu wameinuka na wanakula walio hai. Anaitafuta familia yake, anaipata, na tangu hapo hadithi inakuwa ya kundi la watu wanaohama kutoka kambi moja hadi nyingine wakijaribu kuishi pamoja bila serikali, bila mahakama, bila sarafu, bila zahanati.

Ni rahisi kuona kwa nini jambo hilo liliwagusa watu mwaka 2010. Marekani ilikuwa imetoka tu kwenye msukosuko wa fedha wa 2008, nyumba zilikuwa zimetwaliwa na mabenki, na wazo kwamba taasisi zote zinaweza kuanguka ndani ya wiki moja halikuonekana kuwa la kichaa. Watumishi wa umma wataburudika kujua kwamba Mei 2011 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, chenye makao yake Atlanta, kilitoa mwongozo wa namna ya kujiandaa dhidi ya zombi: maji, chakula, dawa, redio, mahali pa kukutana na familia. Lilikuwa somo la kawaida la kujiandaa na maafa lililovalishwa nguo za filamu. Tovuti ilizidiwa na wageni ikaanguka. Sijui ofisa gani kati yetu angethubutu kupeleka dokezo la namna hiyo kwa bosi wake.

Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 5. Oktoba 2014, msimu wa tano ulipofunguliwa, walifika zaidi ya milioni 17, na hiyo ni televisheni ya kulipia. Kuanzia Oktoba 2011 kituo kilianzisha kipindi cha mazungumzo, Talking Dead, kilichofuata mara tu tamthilia ilipomalizika. Waigizaji ambao wahusika wao walikuwa wameuawa dakika chache kabla waliketi kwenye kochi kusimulia, na orodha ya marehemu wa wiki ilisomwa kwa mzaha wenye majonzi. Watazamaji wakawa wamewekewa matanga ya kila Jumapili. Huku kwetu hakuna aliyetuhesabu katika hizo milioni, lakini mabweni ya vyuo yalikuwa na matanga yake, siku mbili tatu baadaye, kwenye kompyuta moja iliyozungukwa na vichwa saba.

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi wangu.

Katika karne ya 18 Saint-Domingue, kama Haiti ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa koloni tajiri kuliko yote ya Ufaransa, na utajiri huo ulitoka katika sukari na kahawa. Watumwa walipoasi mwaka 1791 walikuwa karibu nusu milioni, na wengi wao walikuwa wamezaliwa Afrika, kwa wingi katika nchi za Kongo. Miwa haisubiri. Ikishakatwa lazima ikamuliwe upesi kabla utamu haujaharibika, kwa hiyo wakati wa mavuno vinu vilisaga usiku na mchana. Watu walikufa kwa kasi kuliko walivyozaliana, na wenye mashamba walipiga hesabu wakaona ni nafuu kununua wengine. Katika hali hiyo watu walikuja kuamini kwamba kifo ni safari ya kurudi nyumbani, Guinea, ng'ambo ya bahari. Kufa ilikuwa ndiyo likizo pekee.

Zombi ni mtu aliyenyimwa hata safari hiyo. Mchawi humwiba kaburini, humwondolea utashi, humpeleka shambani afanye kazi isiyo na mwisho. Wataalamu wa lugha hulihusisha neno lenyewe na maneno ya Kikongo na lugha jirani yanayohusu Mungu na roho za wafu. Angalia kinachoogopwa hapa. Zombi wa Haiti hang'ati mtu. Hakuna anayeogopa kuliwa naye. Watu huogopa kugeuzwa wawe yeye. Simulizi husema kwamba akionjeshwa chumvi huzinduka, hutambua kuwa amekufa, na hurudi mwenyewe kaburini akifukua udongo kwa mikono.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana. Tuna msukule, watu wa kusini wanamwita ndondocha. Jirani amefariki, amezikwa, arobaini imepita, kisha inanong'onwa kwamba ameonekana usiku wa manane akilima shamba la tajiri fulani, amekatwa ulimi, analishwa pumba. Sisemi kwamba mmoja ni mtoto wa mwingine. Nasema hofu ni moja: utajiri wa mtu usioelezeka, na maiti ya maskini ambayo hata baada ya kuzikwa bado ina kazi ya kufanya.

Mwezi Julai 1915 wanajeshi wa Marekani walishuka Haiti, wakaitawala hadi 1934. Katika miaka ya mwanzo walifufua sheria ya zamani iliyoruhusu kuwashurutisha wakulima kujenga barabara bila ujira. Wakulima waliasi chini ya Charlemagne Péralte, ambaye aliuawa na wanajeshi hao mwaka 1919. Ni katika nchi iliyokaliwa hivyo ndipo Mmarekani William Seabrook alipokwenda kutafuta visa vya kutisha, akachapisha mwaka 1929 kitabu The Magic Island, ambamo alisimulia habari za wafu waliodaiwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya Kimarekani. Miaka mitatu baadaye, 1932, ikatoka filamu ya White Zombie. Ndani yake kuna tukio ambalo huwaonyesha wanafunzi wangu kila nipatapo nafasi: zombi weusi wanazungusha kinu cha miwa, mmoja anateleza na kutumbukia ndani, na wenzake wanaendelea kuzungusha. Hakuna muziki, ni mlio wa mbao tu. Lakini filamu yenyewe haikuwa na nia ya kukaa hapo. Hofu yake kuu ilikuwa kwamba mwanamke mmoja wa kizungu naye amegeuzwa zombi. Hofu ilikuwa imeanza kuhama.

Ilihama kabisa mwaka 1968, George Romero alipotengeneza Night of the Living Dead huko Pennsylvania kwa fedha kidogo. Wafu wake hawana mchawi wala shamba. Hawatumwi na mtu. Wana njaa, basi. Mhusika mkuu, Ben, aliigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, na mwishoni, baada ya kuokoka usiku mzima, Ben anapigwa risasi na kundi la raia wenye silaha wanaomdhania kuwa mmoja wa wafu. Filamu ilitoka miezi michache tu baada ya Martin Luther King kuuawa Memphis. Ni kazi kubwa, sina nia ya kuibeza. Lakini neno zombi halitamkwi ndani yake hata mara moja. Halitamkwi wala katika The Walking Dead, ambamo wafu huitwa watembeaji, wang'ataji na majina mengine ya kubuni. Kufikia wakati zombi anakuwa biashara ya mamilioni ya dola, alikuwa amepoteza jina lake, bwana wake na kazi yake. Mtu mmoja aliyetumikishwa akawa umati usio na sura nje ya uzio, na sisi tukawekwa ndani ya uzio na kuambiwa tuuogope.

Hivyo jibu ninalomwia mwanafunzi wangu ni ndiyo, walikuwa watumwa, ila walipofika Georgia walikuwa wameshasahaulishwa. Georgia, ya pamba, miongoni mwa majimbo yote!

Hata hivyo mashabiki hawakuipenda tamthilia kwa ajili ya wafu. Wafu waliwachosha mapema. Walichokipenda ni lile kundi. Glenn, kijana aliyekuwa akipeleka piza na ambaye sasa alijua njia zote za Atlanta. Carol, mke aliyepigwa na mumewe na aliyekuja kuwa mtu hatari kuliko wote. Michonne na upanga wake, aliyeigizwa na Danai Gurira, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Harare. Daryl, ambaye hakuwamo katika vibonzo kabisa. Watazamaji walikubaliana na mkataba mmoja mgumu: yeyote anaweza kufa, lakini kifo chake kitakuwa na uzito, na walio hai watambeba. Kwa miaka sita mkataba uliheshimiwa kiasi cha kuridhisha.

Ulivunjwa kwa awamu. Mwaka 2015 Glenn alionekana akifa, na jina la mwigizaji wake likaondolewa kwenye orodha ya mwanzo, kumbe yu hai, watu walichezewa. Tarehe 3 Aprili 2016 msimu wa sita ulifungwa kwa muuaji Negan akiinua gongo lake lililozungushiwa waya wa miiba, na kamera ikachukua nafasi ya anayepigwa, ili asijulikane ni nani. Jibu likafungiwa kabatini kwa zaidi ya miezi sita. Tarehe 23 Oktoba, watu milioni 17 walirudi kujua maiti ni ya nani. Walikuwa wawili, Abraham na Glenn, na walipondwa kichwa mbele ya wenzao kwa namna ambayo wengi walizima televisheni. Desemba 2017 ikawa zamu ya Carl, mwana wa Rick, ambaye katika vibonzo anaishi hadi ukurasa wa mwisho na ambaye wengi walidhani ndiye maana ya hadithi nzima. Waraka wa malalamiko ukazungushwa mtandaoni ukitaka msimamizi wa tamthilia aondolewe. Msimu wa nane ulifunguliwa kwa watazamaji milioni 11, wa tisa kwa milioni 6. Novemba 2018 Rick mwenyewe akaondoka, si kwa kufa bali kwa kuchukuliwa na helikopta, na usiku uleule ikatangazwa kwamba atarudi katika filamu.

Wachambuzi wengi walisema watu walichoshwa na ukatili. Sikubaliani. Ukatili ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichowaumiza ni kugundua kwamba majonzi yao yalikuwa yamepangiwa ratiba, kwamba mtu fulani ofisini amekokotoa ni wiki ngapi kifo kinaweza kusubirishwa ili kilete faida. Kwetu maiti haikai. Mtu akifa asubuhi, Waislamu wanatafuta jinsi ya kumzika kabla ya machweo, na hata wanaosubiri ndugu kutoka mbali wanasubiri kwa siku za kuhesabika. Kusubirisha maiti miezi sita ili watu warudi kulipia ni jambo ambalo bibi yangu angelielewa mara moja, na angelipa jina lake.

Hapa inafaa kukumbuka mwaka 1893. Arthur Conan Doyle, akiwa amechoshwa na Sherlock Holmes, alimtupa kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi ili aandike mambo mengine. Wasomaji wa jarida la The Strand walikasirika, wengi wakasitisha ununuzi. Mwandishi alishikilia msimamo kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1903, kwa malipo mazuri, akamfufua. Katika kisa hicho mashabiki ndio waliokataa mazishi na mwandishi ndiye aliyetaka kuzika. Mwaka 2022 mambo yaligeuka. Mashabiki, kwa sehemu kubwa, walikuwa tayari kuzika. Waliokataa ni wenye mali.

Nasema wenye mali kwa makusudi, kwa sababu The Walking Dead ilikuwa na miisho miwili, na tofauti kati yake ni ya umiliki. Vibonzo vilichapishwa na Image Comics, ambayo huwaachia watunzi haki za kazi zao. Tarehe 3 Julai 2019 toleo la 193 lilifika madukani likiwa nene kuliko kawaida, na msomaji alipofika mwisho alikuta kwamba ndio mwisho wa yote. Kirkman hakumwambia mtu. Alikuwa hata ameandaa majalada ya uongo ya matoleo yatakayofuata ili wenye maduka wasishtuke. Wapo walionung'unika kwamba hawakupewa nafasi ya kujiandaa. Lakini aliamka asubuhi akaamua imetosha, na ikatosha.

Tamthilia haikuwa na mtu wa kuamua hivyo. Darabont aliyeianzisha alifukuzwa mwaka 2011, wakati msimu wa pili ukiwa bado unatengenezwa. Kesi aliyoifungua dhidi ya AMC kuhusu mgawo wake wa faida ilimalizwa Julai 2021 kwa makubaliano ya dola milioni 200. Wasimamizi watatu walifuata baada yake, Glen Mazzara, Scott Gimple na Angela Kang. Julai 2017 mwigizaji wa matukio ya hatari alianguka akiwa kazini, akafariki. Utengenezaji ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Niliposoma habari hiyo sikuweza kuacha kufikiri juu ya lile tukio la kinu.

Septemba 2020 ikatangazwa kwamba msimu wa 11 ungekuwa wa mwisho, wenye sehemu 24 zitakazotandazwa katika miaka miwili. Tangazo hilohilo lilisema Daryl na Carol watapata tamthilia yao. Machi 2022 ikatangazwa nyingine ya Maggie na Negan. Julai 2022 zile filamu za Rick zikageuzwa kuwa tamthilia yake na Michonne. Kwa hiyo usiku wa Novemba 20 watazamaji waliketi kuangalia mwisho wa hadithi ambayo kanuni yake ilikuwa yeyote anaweza kufa, wakiwa na orodha rasmi ya wasioweza kufa. Rosita ndiye aliyekufa, na alikufa vizuri, kitandani, akiwa na mwanawe pembeni baada ya kumwokoa. Watu walimlilia kwa dhati. Nadhani walimlilia zaidi kwa sababu alikuwa karibu wa pekee aliyeruhusiwa kuondoka.

Kuna mambo mazuri katika sehemu ile ambayo sitaki kuyapuuza. Maggie, mjane wa Glenn, anamwambia Negan kwamba hawezi kumsamehe, kwamba kila akimtazama anaona gongo lile, na kwamba pamoja na hayo hataki kuishi na chuki maisha yake yote. Hakuna kukumbatiana. Waliosoma kazi za tume za ukweli na maridhiano watatambua uaminifu wa tukio hilo; ni nadra kuona televisheni ikikiri kwamba watu wanaweza kuishi jirani bila msamaha. Kuagana kwa Daryl na Carol nako kuliwatoa wengi machozi, nami simo miongoni mwa waliojizuia.

Malalamiko yangu ni mengine, na hapa ndipo ninapowasumbua wanafunzi wa siasa. Msimu wa mwisho ulikuwa juu ya dola. Kundi letu lilifika Commonwealth, mji wa watu 50,000 wenye umeme, aiskrimu, magazeti na askari waliovaa deraya nyeupe, ambapo kila mtu alirudishiwa tabaka alilokuwa nalo kabla ya maafa. Aliyekuwa wakili ni wakili, aliyekuwa mfagiaji ni mfagiaji, na binti wa rais wa zamani ni gavana. Wanaopinga hupakiwa kwenye treni usiku na kupelekwa kulazimishwa kujenga reli. Kwa mara ya kwanza katika misimu 11 tamthilia ikafika, bila kukusudia naamini, mahali zombi alipotokea: watu walio hai wanaotumikishwa hadi wafe, huku walio mjini wakidhani wametoweka tu.

Kisha, katika dakika za mwisho, gavana anakamatwa, wafu wanalipuliwa, na maandishi yanatokea kwenye kioo kwamba mwaka mmoja umepita. Ezekiel ni gavana. Mercer, jenerali wa wale askari, ni naibu wake. Watu wanatabasamu, watoto wanakimbia. Nilirudisha nyuma nikidhani faili la mwanafunzi lina kasoro. Nani aliandika katiba? Reli ile ilimalizwa na nani, kwa mshahara gani? Waliokuwa wakipakia watu kwenye treni walifanywa nini, na ikiwa jenerali wao ni naibu gavana, nani aliwauliza? Mashabiki wengi walilalamika kwamba mwisho ulikuwa wa haraka, wakahesabu wahusika ambao hawakupewa dakika zao. Mimi nahesabu ule mwaka mmoja. Miaka 12 tulisubiri kuona watu wanajengaje upya utawala wa haki baada ya kuanguka kwa kila kitu, na kazi hiyo ikafanyika wakati sisi hatupo. Nafasi ilikuwapo. Dakika za mwisho kabisa zilitumika kumwonyesha Rick na Michonne kila mmoja mahali pake, ili tujue pa kwenda kulipia tena.

Vibonzo vilifanya kinyume. Rick anauawa kitandani na mtoto aliyedekezwa wa gavana, kifo kisicho na utukufu. Kisha toleo la 193 linaruka miaka mingi mbele. Carl ni mtu mzima mwenye binti. Rick ni sanamu. Wafu wamekuwa wachache kiasi kwamba mtoto wa Maggie anazunguka nao akiwaonyesha kwa kiingilio, kama wanyama wa maonyesho. Carl anawaua, na kwa kosa hilo la kuharibu mali ya mtu anafikishwa mahakamani, mbele ya Michonne ambaye sasa ni jaji. Kizazi kipya hakioni ubaya wowote: wafu ni mali, wanaingiza fedha, kwa nini wasizungushwe? Nimewapa wanafunzi kurasa hizo wazisome katika wiki ya somo la kumbukumbu za ukoloni, na mjadala haukuisha kwa muda uliopangwa.

Usiku ule wa Novemba 2022, wakati wa kurushwa kwake, mwisho ulitazamwa na watu zaidi kidogo ya milioni 2. Juni 2023 Maggie na Negan walitokea Manhattan. Septemba Daryl akaokotwa na mawimbi kwenye ufukwe wa Ufaransa. Februari 2024 Rick akarudi. Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo ukaanza msimu wa Carol akimfuata Daryl, na yale maagano yaliyotuliza yakawa hayana kazi tena. Mwanafunzi wangu ameshahitimu, anafanya kazi katika halmashauri moja mkoani. Nilimuuliza kwa simu kama anazifuatilia. Alisema ameona mbili za kwanza, na kwamba ile flashi nikiwa nimemaliza naweza kukaa nayo.